Toots Hibbert, sauti ya kanisani ndani ya rege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpenzi wa rege wa kwetu huanza na Bob Marley, akapita kwa Lucky Dube, akafika kwa Burning Spear au Culture, kisha akatulia hapo. Toots Hibbert anamjua bila kujua kuwa anamjua. Ameshasikia "Bam Bam" ndani ya wimbo wa mtu mwingine, ameshacheza "Monkey Man" bila kuuliza ni ya nani. Kwangu mimi hakuna mwimbaji aliyetoka Jamaika anayemfikia kwa sauti, na nitaeleza sababu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila nikimtaja. Mengine yana majibu mafupi, mengine hayakubali kufupishwa.

Toots Hibbert ni nani hasa?

Jina lake kamili ni Frederick Nathaniel Hibbert. Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1942 katika mji wa May Pen, Clarendon, nchini Jamaika. Alikuwa kiongozi na mtunzi wa The Maytals, kundi la waimbaji watatu lililoanza kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambalo tangu 1972 lilijulikana kwa jina la Toots and the Maytals. Alipitia ska na rocksteady, mitindo ya Jamaika iliyotangulia rege, kisha rege yenyewe, na pia soul, muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani, na aliendelea kupanda jukwaani hadi miaka yake ya sabini.

Sauti ile aliitoa wapi?

Kanisani. Wazazi wake walikuwa wahubiri Wasabato, na yeye alianza kuimba nyimbo za injili kwenye kwaya akiwa mtoto mdogo. Aliyekulia Upareni, Kisii au Musoma hahitaji kuelezwa kwaya ya Wasabato inavyomlea mwimbaji. Mtoto anasimama mbele ya watu kabla hajajua kusoma sawasawa, anajifunza kuupokea wimbo na kuurudisha, anajifunza kutoa sauti ifike benchi la mwisho. Toots aliyabeba malezi ya aina hiyo maisha yake yote. Hata alipoimba habari za jela au za harusi, koo lilikuwa la mtu anayetoa ushuhuda.

Utoto wake haukuwa mwepesi. Alifiwa na mama angali mdogo, na baba naye akafariki miaka michache baadaye. Akiwa kijana akaenda Kingston kwa kaka yake, akaishi Trenchtown, mtaa uleule uliowalea Bob Marley na wenzake. Huko alifanya kazi ya kunyoa watu nywele, na alikuwa akiimba huku ananyoa. Hapo kwenye kinyozi ndipo vijana wawili, Henry Gordon aliyeitwa Raleigh na Nathaniel Mathias aliyeitwa Jerry, walipomsikia. Wakaungana wakawa watatu.

Nyimbo zao za kwanza kwenye studio ya Clement "Coxsone" Dodd, yaani Studio One, zinaonyesha wazi walikotoka. Mmoja unaitwa "Hallelujah". Mwingine, "Six and Seven Books of Moses", unavitaja vitabu vya Biblia kwa mpangilio wake: Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu, na kuendelea mpaka Yoshua na Waamuzi. Ni orodha ya shule ya Sabato iliyowekwa juu ya mdundo wa ska, na watu waliicheza dansi. Jina la wimbo lenyewe linagusa kitabu cha uganga kilichojulikana sana Jamaika, Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, ambacho watu wa kanisa walikiogopa. Kijana wa miaka ishirini hivi ameviweka vitu hivyo pamoja katika wimbo wa dakika chache.

Je, ni mwimbaji wa soul au wa rege?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nadhani limeulizwa vibaya.

Watu humlinganisha Toots na Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, na kuna sababu. Wote wawili huukata mstari katikati, hurudia silabi moja mara tatu au nne kana kwamba neno limekwama kooni, hupandisha sauti mpaka ikwaruze, kisha huishusha ghafla kwa upole. Kwa hiyo wengi hudhani Toots alimsikia Otis redioni akamwiga. Lakini angalia miaka. Otis alizaliwa Georgia mwaka 1941, Toots alizaliwa Clarendon mwaka 1942. Otis alirekodi wimbo wake wa kwanza uliovuma mwaka 1962, wakati ambao Maytals walikuwa tayari wanajipanga. Otis naye alianzia kwenye kwaya ya kanisa, huko Macon. Walifanana kwa sababu walinyonya ziwa moja. Baadaye Toots alimsikiliza na kumpenda, kama alivyowapenda Ray Charles na James Brown, lakini msingi alikuwa nao.

Jamaika yenyewe ilikuwa karibu sana na muziki wa Wamarekani weusi. Miaka ya 1950, usiku hewa ikitulia, redio za Kingston zilikuwa zinakamata stesheni za Miami na New Orleans. Wenye mitambo ya muziki ya mitaani, akina Coxsone Dodd na Duke Reid, walikuwa wakipigania santuri kutoka Marekani ili wawazidi wapinzani wao. Ska ilizaliwa humo, rocksteady ikafuata, na rege ikatoka kwenye rocksteady. Kwa hiyo ukisema soul ni kitu kimoja na rege ni kingine, unajenga ukuta ambao watu wa Kingston hawakuwa nao.

Tofauti ipo kwenye ufundi, na hapo ndipo ukubwa wa Toots unapoonekana. Katika rege gitaa linakwaruzwa baina ya mapigo, besi ndiyo inayotembea na wimbo, ngoma inaacha nafasi. Waimbaji wengi wa rege huitumia nafasi hiyo kupumzika. Msikilize Gregory Isaacs, anaimba kama mtu aliyeegemea ukuta. Toots anafanya kinyume. Bendi imetulia, yeye anasukuma. Anaingia kabla ya pigo, anajibizana na wapiga ngoma, anawaita waitikiaji, anahesabu, anapiga kelele, anarudi. Mvutano huo wa bendi iliyotulia na mwimbaji asiyetulia sijausikia kwa mtu mwingine yeyote kwa kiwango hicho. Mwenyewe aliiita albamu yake ya mwaka 1976 "Reggae Got Soul", na sioni haja ya kuongeza jibu jingine.

Ni kweli yeye ndiye aliyelipa rege jina?

Wimbo wa Maytals wa mwaka 1968, "Do the Reggay", unatambuliwa kuwa wa kwanza kulitumia neno hilo kwenye jina la wimbo. Mdundo ulikuwa umeshaanza kubadilika kwenye studio kadhaa za Kingston mwaka huo, na wapigaji wengi walichangia, kwa hiyo kusema Toots aliubuni muziki wenyewe ni kuwanyima wengine haki yao. Neno nalo alilikuta mtaani. Alieleza kwamba vijana walikuwa na msemo unaofanana na hilo kwa mtu aliyevaa ovyo. Yeye alilipeleka studio.

Alifungwa kwa kosa gani?

Mwaka 1966 ulianza vizuri. Serikali ya Jamaika, nchi iliyokuwa imepata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, ilianzisha mashindano ya wimbo wa sherehe za uhuru. Maytals wakashinda yale ya kwanza kabisa kwa "Bam Bam", wimbo wa mtu anayetangaza kuwa anapigania haki na kwamba akichokozwa patachimbika. Mwishoni mwa mwaka huohuo Toots akakamatwa kwa bangi na kufungwa. Hukumu hutajwa kuwa ya miezi 18. Yeye alishikilia siku zote kuwa hakuwa na hatia.

Kundi zima lilisimama. Raleigh na Jerry walimngoja. Mwimbaji mkuu akifungwa, ni rahisi sana kwa wenzake kutafuta mwingine na kuendelea, hasa katika mji ambao kila wiki kulikuwa na sauti mpya mlangoni mwa studio. Wao hawakufanya hivyo.

Alipotoka akarekodi "54-46 That's My Number" mwaka 1968. Mwimbaji anajitaja kwa namba ya mfungwa. Anasimulia alivyoamriwa kunyoosha mikono juu, anasema wazi kwamba alionewa, kisha anasema sasa hivi namba ile anayo mtu mwingine. Mstari huo wa mwisho ndio unaonikamata kila mara. Angeweza kuishia kwenye "nimetoka, nashukuru". Badala yake anamkumbuka yule aliyeingia baada yake. Halafu wimbo unageuka: anaiomba bendi impe pigo moja, inampa, mawili, inampa, matatu, manne. Mtu aliyekuwa anaamriwa sasa ndiye anayetoa amri, na wanaomtii ni besi na ngoma. Watu wanaruka kwa furaha kwenye wimbo wa jela, na furaha hiyo si ya kusahau.

Leslie Kong alikuwa nani?

Mtayarishaji wa Kijamaika mwenye asili ya Kichina, aliyekuwa na duka la aiskrimu na santuri lililoitwa Beverley's mtaa wa Orange, Kingston. Ndiye aliyemrekodi Bob Marley kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na ndiye aliyewatoa Jimmy Cliff na Desmond Dekker. Kwa Maytals miaka yake ni ile kuanzia 1968 hadi 1971: "Do the Reggay", "54-46", "Sweet and Dandy", "Pressure Drop", "Monkey Man", zote ni kazi ya chini ya Kong. Kama ningeambiwa nichague miaka mitatu tu ya Toots, ningechagua hiyo bila kusita. Sauti ni safi, nyimbo ni fupi, hakuna kilichozidi. Kong alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1971, ghafla, na Maytals wakahamia kwa Byron Lee na kampuni yake ya Dynamic, kisha kwa Chris Blackwell wa kampuni ya santuri ya Island.

"Pressure Drop" inahusu nini?

Kisasi, lakini kisasi ambacho mwimbaji hakitekelezi mwenyewe. Toots alieleza kwamba ukiwatendea ubaya watu wasio na kosa, ubaya utakurudia. Anamwambia aliyemdhulumu kwamba shinikizo litamshukia, basi. Hatishii kumpiga wala kumroga. Ni sala ya mtu aliyeonewa, na ndiyo maana maneno ni machache na sehemu kubwa ya wimbo ni mguno wa watu watatu unaopanda na kushuka. Mtu yeyote aliyewahi kunyimwa ujira wake anauelewa wimbo huu bila mkalimani.

Na "Sweet and Dandy"?

Harusi ya watu wa kawaida. Ettie na Johnson wako chumbani wanalia kwa woga, wazee wanawaambia wajikaze, huku nje keki na vinywaji vimeshalipiwa na watu wanacheza. Hakuna ujumbe mwingine uliofichwa. Wimbo huo uliwapa Maytals ushindi wao wa pili kwenye mashindano ya sherehe za uhuru, mwaka 1969, na wa tatu ulikuja 1972 kwa "Pomp and Pride". Wanaodhani rege ni malalamiko na moshi peke yake wausikilize huu. Toots aliwaimbia wakulima, mafundi na mama wa nyumbani wa Clarendon mambo yao wenyewe, nao wakamtunza kama anavyotunzwa mcheza kwao.

Aliwahi kuigiza filamu?

Anaonekana kwenye "The Harder They Come" ya mwaka 1972, filamu ya Perry Henzell iliyomchezesha Jimmy Cliff kama kijana wa shamba anayekuja mjini kutafuta bahati kwenye muziki. Maytals wako studio wanaimba "Sweet and Dandy", na kijana anawatazama kwa macho ya mtu aliyeona anachokitaka duniani. Tukio ni fupi. Hata hivyo, albamu ya nyimbo za filamu hiyo, yenye "Sweet and Dandy" na "Pressure Drop", ndiyo iliyowafikisha Maytals kwenye nyumba nyingi za Marekani na Ulaya ambazo hazikuwa zimesikia rege hata siku moja.

Kwa nini basi hakufikia umaarufu wa Bob Marley?

Nina maoni yangu hapa, na najua si wote watakaokubali.

Chris Blackwell aliwachukua wote wawili katika kampuni ya Island. Wailers, kundi la Marley, aliwauza kama bendi ya roki: albamu yenye mtiririko, gitaa la umeme lililoongezwa London, picha ya mwanamapinduzi mwenye rasta. Toots hakuingia kwenye fremu hiyo. Alikuwa mwimbaji wa soul mwenye suti ya ngozi na tabasamu, mtu wa nyimbo moja moja, mtu wa jukwaani. Mwaka 1975 bendi yake ilipelekwa Marekani kuwafungulia The Who, bendi ya roki ya Uingereza, na umati wa roki uliokuja na hamu ya gitaa la Pete Townshend haukuwa mahali pa kumtambulisha mtu kama yeye. Angepelekwa kuwafungulia waimbaji wa soul, mbele ya watu weusi wa Memphis na Detroit, huenda tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Kuna sababu nyingine, nayo haipendezi kuisema. Dunia ilitaka nabii kutoka Jamaika, na ilikuwa na nafasi ya mmoja. Nabii anatakiwa ahuzunike na kuonya. Toots alihubiri furaha, na furaha mara nyingi huchukuliwa kuwa kitu chepesi. Kusimama mbele ya watu ukiwa umetoka kwenye uyatima, Trenchtown na jela, ukawafanya wote wacheze bila kuwadanganya kuhusu hali ya dunia, ni kazi nzito kuliko inavyoonekana.

Kwa nini aliimba nyimbo za Wamarekani, hata za kantri?

Kwa sababu alizipenda, na kwa sababu aliweza kuzihamisha. Mfano bora ni "Take Me Home, Country Roads" ya John Denver, ambayo Denver aliitoa mwaka 1971. Toots aliichukua miaka michache baadaye, akaiondoa West Virginia akaweka West Jamaica. Hakubadilisha mengi zaidi ya hapo. Lakini sasa anayeimba ni mtoto wa shamba aliyeingia mjini akifuata riziki, na barabara anayoililia ni ile ya kurudi May Pen. Muziki wa kantri ulipendwa sana Jamaika, kama ulivyopendwa na wazee wetu waliokuwa na Jim Reeves kwenye kabati la santuri, kwa hiyo kwa Wajamaika wimbo ule haukuwa mgeni hata kidogo.

Kilele cha upande huu ni "Toots in Memphis" ya mwaka 1988. Alikwenda Memphis, mji wa Stax, kampuni ya santuri za soul, akaimba nyimbo za soul kama "Knock on Wood" na "Love and Happiness" akiwa na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare kwenye ngoma na besi, pamoja na wapigaji wa huko. Mtayarishaji alikuwa Jim Dickinson. Kuna wakosoaji wanaoiona laini mno kwa mlio wake wa miaka ya themanini. Mimi naiona kama mtu aliyekwenda kuwatembelea ndugu aliowasikia redioni utotoni, akakaribishwa ndani.

Kisa cha albamu iliyotoka ndani ya siku moja ni cha kweli?

Ndiyo. Tarehe 29 Septemba 1980 bendi ilipiga ukumbi wa Hammersmith Palais, London. Onyesho likarekodiwa, likapelekwa kiwandani usiku uleule, na santuri zikawa madukani ndani ya saa 24. Iliwekwa kwenye rekodi za dunia za wakati huo. Mbali na rekodi hiyo, "Toots Live" ni albamu nzuri kweli, na ndiyo inayoonyesha vizuri alivyokuwa jukwaani. Pia ni kati ya kazi za mwisho za watatu wale pamoja, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 Raleigh na Jerry waliacha na Toots akaendelea na jina.

Nani walimpigia vyombo?

Swali zuri ambalo watu hulisahau. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 nyuma yake walikuwepo Jackie Jackson kwenye besi, Paul Douglas kwenye ngoma, Hux Brown na Rad Bryan kwenye magitaa, na Winston Wright kwenye kinanda. Paul Douglas alikaa naye mpaka mwisho, takriban nusu karne. Mwimbaji anayeingia kabla ya pigo namna ile anahitaji mpiga ngoma asiyetetereka, na Douglas hakutetereka.

Nini kilitokea Virginia mwaka 2013?

Mwezi Mei 2013 alikuwa anaimba kwenye tamasha la wazi mjini Richmond, Virginia. Kijana wa miaka 19 akarusha chupa ya pombe kali kutoka kwenye umati, ikampata kichwani. Toots alishonwa, na baada ya hapo akasumbuliwa kwa muda mrefu na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, hofu ya umati na kusahausahau. Aliacha maonyesho kwa miaka mitatu. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa jukwaani, hilo lilikuwa pigo kubwa.

Kesi ilipofika mahakamani, Toots alimwandikia jaji barua. Alimwomba asimfunge yule kijana. Alieleza kuwa amesikia yanayowapata vijana gerezani, na kwamba maumivu yake yeye yangezidi kama angejua mtoto yule anapitia hayo. Jaji alimpa kijana miezi sita.

Watu wanaponiuliza kama Toots aliyaamini aliyoyaimba, nawasimulia hiki. Aliyeiandika barua ile ni yuleyule wa mwaka 1968, aliyesema namba yake sasa anayo mtu mwingine. Miaka 45 ilikuwa imepita na hakuwa amemsahau huyo mtu mwingine. Alirudi jukwaani mwaka 2016.

Alipata tuzo gani?

Grammy mbili. Ya kwanza alipewa mwaka 2005 kwa "True Love", albamu ambayo aliimba upya nyimbo zake akiwa na watu waliomheshimu: Eric Clapton kwenye "Pressure Drop", No Doubt kwenye "Monkey Man", Shaggy kwenye "Bam Bam", pamoja na Willie Nelson, Keith Richards na Bonnie Raitt. Ya pili ilikuja Machi 2021 kwa "Got to Be Tough", yeye akiwa ameshafariki. Serikali ya nchi yake ilimpa nishani ya Order of Jamaica mwaka 2012. Na tusisahau ule ushindi wa mara tatu wa 1966, 1969 na 1972, ambao kwa maoni yangu ni mzito kuliko Grammy, kwa kuwa walioutoa ni watu aliowaimbia.

Alifariki lini?

Tarehe 11 Septemba 2020, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha West Indies, Kingston, akiwa na miaka 77. Alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na dalili za Uviko-19. "Got to Be Tough" ilikuwa imetoka tarehe 28 Agosti, wiki mbili tu kabla. Humo yumo Ziggy Marley, wakiimba pamoja "Three Little Birds" ya baba yake. Na mwaka huohuo, mzee wa miaka 77, Toots alikuwa ameingia tena kwenye yale mashindano ya wimbo wa sherehe za uhuru aliyoyashinda akiwa kijana. Alifika fainali. Aliyeshinda ni Buju Banton.

Nani wameziimba nyimbo zake?

The Clash walirekodi "Pressure Drop". The Specials waliiweka "Monkey Man" kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1979, na Amy Winehouse akaiimba baadaye. Ajabu ni kwamba toleo lenyewe la Maytals lilifika nafasi ya 47 tu kwenye chati ya Uingereza mwaka 1970. "Bam Bam" imesafiri mbali kuliko zote: Sister Nancy alikichukua kiitikio chake mwaka 1982, na kutoka kwake kikaingia kwenye hip hop ya Marekani mpaka leo. Vijana wengi wanaokiimba wanadhani kilianzia kwa Sister Nancy. Yeye anastahili sifa zake zote. Kiitikio ni cha Toots.

Nianze wapi kumsikiliza?

Anza na nyimbo za Leslie Kong za 1968 hadi 1971. Zimekusanywa kwenye albamu nyingi, na karibu yoyote itakufaa mradi iwe na "54-46", "Pressure Drop" na "Sweet and Dandy". Ukishazizoea, rudi nyuma kwenye ska ya Studio One uisikie kwaya, halafu nenda mbele kwenye "Toots Live". "Toots in Memphis" iache mpaka masikio yako yaizoee sauti yake.

Jihadhari na mambo mawili unaponunua au kupakua. "54-46" ipo mara mbili: ile ya 1968 iitwayo "54-46 That's My Number", na toleo la baadaye liitwalo "54-46 Was My Number", ambalo limo kwenye albamu ya "In the Dark" ya mwaka 1974. Sikiliza zote, ya kwanza ina ukali zaidi. Pili, kuna albamu mbili zenye jina la "Funky Kingston". Iliyotoka Jamaika na Uingereza mwaka 1973 ni kitu kimoja. Ile ya Marekani ya mwaka 1975 ilichukua nyimbo chache kutoka hiyo, ikaongeza nyingi za "In the Dark" pamoja na "Pressure Drop". Kama unayo pesa ya moja tu, chukua ya Marekani.